Zamu Niliyokataa Kuiomba

Mimi ni mtu wa kidato cha nne. Nasema hivyo mapema ili msomaji asitarajie makubwa kutoka kwangu. Nilipomaliza shule, hakuna aliyeniuliza ninataka kusomea nini baadaye. Ofisi ya mifugo Takaba, mji wetu mdogo wa kaskazini, ilikuwa inatafuta karani, mimi nilijua kuandika, basi ikawa hivyo. Nilikaa pale mpaka nywele zikageuka, nikiandika vibali vya kuhamisha ng'ombe na kuwatafsiria madaktari wa mifugo waliotoka Kenya. Ndivyo tulivyosema, na wako wanaosema hivyo mpaka leo: mtu akivuka daraja la Garissa kuelekea Nairobi, amekwenda Kenya. Kana kwamba sisi tulikuwa tukiishi nchi nyingine.

Miaka ya tisini, mtu aliyesoma pale Takaba alikuwa kama tochi ya jirani. Kila mwenye giza alikuja kuazima. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, mimi ndiye niliyesoma karatasi ya dawa. Kijana akikamatwa, mimi ndiye niliyeitwa kituo cha polisi kueleza yeye ni mtoto wa nani. Nilizoea kuitwa. Nikazoea pia kuaminiwa, na hilo ndilo lililoniharibu.

Baada ya ule ukame mbaya, na baada ya vita vya Somalia kutuletea wageni na bunduki, mashirika ya misaada yalikuja mengi. Moja lilikuwa la Waarabu. Lilitujengea msikiti, likatuchimbia bwawa, kisha mkubwa wake, Msudani mrefu mwenye sauti ya upole, akawaambia wazee kwamba ana nafasi moja kila mwaka katika chuo kikuu kwao Sudani. Alitaka mtoto mmoja aliyemaliza kidato cha nne, wa kiume au wa kike. Nauli, malazi na chakula, vyote juu yao. Kuchagua yeye mwenyewe hakutaka.

"Nyinyi mnajuana," alisema. "Nileteeni jina moja ambalo wote mmelikubali."

Sijui kama mtu wa mahali penye vyuo ataelewa maneno yale yalikuwa na uzito gani kwetu. Watoto wetu walimaliza shule wakarudi nyumbani, wakakaa barazani mwa maduka wakitafuna miraa. Walikuwa wamesoma, lakini hawakuwa wamesomea kitu. Waliofika chuo kikuu cha serikali tuliweza kuwataja wote kwa majina ya mama zao.

Takaba kulikuwa na koo nyingi, lakini zilizohusika na bwawa lile zilikuwa tatu. Wazee wake walikutana katika stoo ya duka la sukari, wakakaa juu ya magunia, wakagombana tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mmoja alisema tuangalie alama. Mwingine akamrukia.

"Alama gani? Watoto wako wanalala mjini, shule iko mlangoni. Wangu waliingia darasa la kwanza ndevu zimeota!"

"Basi wakanyoe!"

Wakacheka, kisha wakaanza kugombana upya. Mwishoni mzee mmoja wa ukoo wa pili, mwenye ndevu alizopaka hina mpaka zikawa rangi ya machungwa, akanigeukia. Nitamwita mzee wa hina.

"Karani umekaa kimya kama mshahara umechelewa. Sema."

Nikasema. Niliwaambia mbona jambo hili tunalijua tangu babu zetu. Kisimani tunafanyaje? Visima vyetu virefu maji hayatoshi wote siku moja, kwa hiyo kuna zamu. Leo ukoo huu, kesho ule, na msimamizi wa kisima hajali nani ana ngamia wengi au wanono. Zamu ni zamu. Basi chuo nacho kiwe kisima. Mwaka huu ukoo mmoja, mwaka ujao wa pili, kisha wa tatu, halafu tunaanza tena.

 Mzee wa hina akapiga gunia kwa kiganja, sukari ikavuja.

"Wallahi, karani leo amemtoa ngamia matopeni!"

Wakanipa mkono mmoja mmoja. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeleta mvua. Kwa muda mrefu watu walinitaja kwa jambo lile: yule karani wa haki, yule aliyezuia ugomvi. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikujiuliza, kama elimu ni maji.

Tulipiga kura kwa vijiti, na zamu ya kwanza ikaangukia kwetu. Mwaka ule ukoo wetu haukuwa na mtoto mwenye matokeo ya maana. Lakini kisimani mtu haiachi zamu yake kwa sababu ngamia wake wako mbali. Hunywesha chochote alicho nacho, asije akaonekana hana haja. Tukamtoa mtoto wa binamu yangu, kijana mpole aliyekuwa amepata D na kuisahau. Mke wangu alipomwona akipanda lori na sanduku jipya, alinong'ona, "Mwaka huu tumenywesha punda." Kijana alirudi kabla ya mwaka kwisha, amevaa miwani ya jua, akasema kule kuna joto. Mtu wa Takaba akasema Sudani kuna joto!

Tulicheka sana. Sasa nikikumbuka kicheko kile, siwezi kucheka tena.

Mwaka uliofuata, binti yangu alimaliza kidato cha nne katika shule ya wasichana ya bweni kule Garissa. Kati ya watoto wangu, yeye peke yake ndiye aliyependa kazi yangu. Alipokuwa mdogo alinifuata siku za chanjo, akashika kamba, akauliza kwa nini sindano inapigwa shingoni na si mguuni. Madaktari wa mifugo walimzoea. Kutoka darasa la tano alikuwa akisema atakuwa daktari wa mifugo, na watu walimtania, "Msichana mzima utatia mkono ndani ya ng'ombe?" Naye aliwajibu, "Ng'ombe hataniuliza."

Siku hizo ulikwenda mwenyewe shuleni kuyaona matokeo. Nilipanda lori la mbuzi kupitia Wajir, nikafika Garissa nimegeuka rangi ya barabara. Mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja kutoka Kenya, mnene, mwenye kusema haraka.

"Wewe ndiye baba yake?"

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Kaa chini, mzee. Umebeba vumbi la wilaya nzima." Akanimiminia maji yeye mwenyewe. "Binti yako ana B. Tangu nije hapa sijaiona B nyingine. Lakini chuo kikuu cha serikali hakitamchukua, amekosa kidogo tu, na najua alikokosea. Karibu mwaka mzima sikuwa na mwalimu wa kemia. Niliyekuwa naye aliporwa njiani, akaomba uhamisho, na sikuletewa mwingine. Kwa hiyo kosa si lake. Unanisikia, mzee? Huyu asikae nyumbani. Tafuta chuo chochote, mahali popote. Akikaa mwaka, hamtamtoa tena."

"Nimesikia, mwalimu."

"Wazazi wote husikia," alisema, akarudi kwenye kazi zake.

Tulirudi pamoja, binti yangu akikaa mbele na dereva, mimi juu ya mizigo. Wajir lori liliposimama kujaza maji, tukaingia hoteli moja kunywa chai. Alikuwa ameshafikiri njia nzima.

"Aabo, ile nafasi ya Sudani mwaka huu ni ya nani?"

"Ya kina mzee wa hina."

"Wana nani?"

"Mjukuu wake. Yule mrefu."

"Yule anayeshinda chini ya lori la mjomba wake?" Akacheka, chai ikamwingia puani. "Yule anataka usukani, Aabo, hataki vitabu. Kila mtu anajua. Basi omba zamu."

Hapa lazima nieleze, maana ndipo jambo lote lilipo. Zamu ya kisima ni ngumu lakini ina mlango. Mtu ambaye wanyama wake wamezidiwa na kiu anaweza kuomba zamu ya mwingine. Lazima aombe mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele za watu, akisimama pale kwenye birika la kunyweshea. Akiomba hivyo, ni aibu kubwa kumnyima. Lakini kuomba nako kuna uzito. Umekiri mbele ya wote kwamba umezidiwa, na siku ya pili yule aliyekupa anaweza kukuomba jambo, nawe huna njia ya kukataa. Kwa hiyo watu wengi wenye kujiheshimu wako tayari ngamia wafe kuliko kuomba. Nimewaona.

"Tutaona, aabo," nikamwambia. Kwetu baba humwita mtoto kwa neno lile lile mtoto analomwitia.

"Tutaona nini?"

"Kunywa chai."

Nyumbani mke wangu alishangilia mpaka majirani wakaja. Walipoondoka akanikalia mbele.

"Utaomba lini?"

"Sheria ile niliitunga mimi. Nitakuwaje wa kwanza kuivunja?"

"Kuomba si kuvunja. Kuomba kumo ndani ya sheria."

"Watu watasema nilitunga zamu kwa ajili ya binti yangu."

"Waseme! Wamelipia mdomo?"

"Na msichana kusafiri peke yake bila mahram, bila mwanamume wa kwao wa kumsindikiza..."

Akanikatiza. "Kaka yangu anauza vitambaa mji ule ule, na wewe una miguu ya kumfikisha kwake. Tafuta sababu nyingine. Hiyo imekwisha."

Sikutafuta, kwa kuwa nilikuwa nayo, ila haikuwa ya kusemwa.

Baada ya siku chache mzee wa hina mwenyewe alinikuta hotelini. Aliagiza chai mbili, akaondoa utando wa maziwa kwa kidole, akaanza mbali kama kawaida ya wazee wetu: mvua, bei ya mbuzi, goti lake. Kisha akasema, "Nasikia kwako kuna mnyama mwenye kiu."

"Alhamdulillahi, sote wazima."

"Karani, mimi si polisi. Nimesema nasikia. Mjukuu wangu naye nimemuuliza juu ya Sudani, akaniuliza kama kuna malori huko." Akacheka mpaka akakohoa. "Bado mdogo. Anaweza kungoja zamu yenu ijayo. Lakini mimi siwezi kukupa usichoomba. Ukoo wangu watanila. Watasema mzee amegawa maji bila mtu kuona kiu. Njoo siku ya kikao, sema neno moja tu mbele yao. Moja! Mimi nitamalizia."

Alikuwa amenifungulia mlango, ameushika kwa mkono wake, na kilichobaki ni mimi kuinama kidogo nipite.

"Adeer, zamu ni yenu," nilisema, nikimwita ami kwa heshima. "Mwacheni kijana aende."

Alinitazama kwa huruma ambayo niliichukulia kuwa heshima. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Siku ya kikao tulikaa tena katika stoo ile. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, binti yangu na mama yake walikuwa wamekaa na birika la chai waliyowaletea wazee. Hakuna aliyewaagiza. Kila mtu mle ndani alijua wamefuata nini.

Mzee wa hina alitaja jina la mjukuu wake. Kisha, kama ifanywavyo kisimani kabla ndoo ya kwanza haijashuka, akauliza kwa sauti, "Kuna mwenye neno?"

Akangoja. Akakunja mguu, akakunjua. Akauliza mara ya pili, jambo ambalo si desturi, na macho yake yalikuwa kwangu. Wazee wengine nao wakanitazama. Nakumbuka harufu ya sukari na mafuta ya taa. Nakumbuka pia kwamba nilikuwa nimekaa wima, nikijisikia mkubwa. Nilikuwa nawaza namna watakavyosema baadaye: karani alikuwa na binti mwenye B, na bado hakugusa zamu ya mtu.

Sikusema neno.

Barua kwa yule Msudani niliiandika mimi, kwa Kiingereza changu kizuri cha ofisini. Niliandika kwamba kijana ana bidii na hamu kubwa ya elimu. Nilipotoka nje, birika lilikuwa pale pale chini ya ukuta, na wenyewe hawakuwapo.

Jioni binti yangu aliniuliza swali moja tu. "Aabo, ulikuwa umelala?"

"Zamu yetu itarudi, aabo. Mwaka huu wao, ujao wale wengine, kisha sisi. Ni muda mfupi."

"Haya," alisema. Tangu siku ile "haya" yake ilibadilika. Ilikuwa "haya" ya mtu anayemjibu mgeni.

Kijana yule alikwenda, akakaa mwaka na kitu, kisha tukasikia ameingia Libya na anaendesha malori jangwani. Simlaumu. Katika watu wote waliohusika, yeye peke yake alikuwa amesema wazi anataka nini.

Mwisho wa mwaka ule wa kikao zikaja mvua ambazo kila mtu wa kaskazini anazikumbuka. Tulizoea kuomba mvua, tukaanza kuomba zikome. Barabara zikakatika, mbuzi wakafa kwa homa, halafu watu wakaanza kuugua malaria. Dawa zilikuwa upande wa pili wa matope. Mke wangu aliugua siku chache tu. Alikuwa hajawahi kunirudia kwa maneno habari ya kikao, wala hakurudia alipokuwa anakufa. Alimshika binti yake mkono, mimi akanitazama.

Mwaka uliofuata ukoo wa tatu ulipeleka mtoto wao. Baadaye mwaka huo huo bomu lililipuka Nairobi, serikali ikayashuku mashirika ya Waarabu, na mengi yakafungwa. Letu nalo likafunga. Yule Msudani alikuja kutuaga, akanywa chai, akaomba msamaha kana kwamba kosa lilikuwa lake. Zamu yetu ilikuwa ndiyo inayofuata.

Nilimpelekea binti yangu habari hizo Kutulo, ambako alikuwa ameajiriwa kufundisha shule ya msingi. Mwalimu asiye na mafunzo, ndivyo walivyoitwa, wakiajiriwa kwa sababu walimu wa Kenya walikataa kuja. Nilimkuta akifundisha madarasa mawili kwa zamu katika chumba kimoja, upande mmoja ukisoma kwa sauti na mwingine ukinakili. Alinisikiliza, akafuta chaki mikononi kwa gauni.

"Nilijua," alisema. "Kitu cha bure hakingoji."

Akaolewa huko huko Kutulo na mtu mwema wa biashara ya mifugo, asiyekaa nyumbani. Wakapata mtoto wa kike.

Wakati huo ndipo nilipoanza kujihoji vizuri. Mtu mjane ana nafasi ya kujihoji. Nilikuwa nimejiambia ni sheria, kisha nikajiambia ni jina langu. Yote mawili ni kweli, lakini chini yake kulikuwa na lile ambalo mke wangu aliliona na hakulitamka. Kama angekuwa mwanangu wa kiume aliyepata B ile, ningesimama. Ningeomba mbele ya koo tatu na mbele ya serikali, na nisingeona aibu hata kidogo, kwa sababu kwa ajili ya mwana wa kiume kuomba si kushuka. Kwa binti niliona ni kujidhalilisha kwa kitu kitakachohamia kwa watu wengine. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi. Naiacha sasa.

Siku moja akaja Takaba, mtoto mgongoni. Hakuwa na kawaida ya kuja.

"Aabo, kuna mafunzo ya ualimu Garissa wakati wa likizo za shule. Unakwenda kila likizo, mwisho unafanya mtihani, unapata cheti. Nimekubaliwa."

"Alhamdulillahi."

"Si udaktari wa mifugo," alisema haraka, kana kwamba mimi ndiye niliyeutaja. "Ni cheti cha ualimu wa msingi. Lakini nikikosa hiki watanitoa siku watakapomleta mwenye nacho." Alimgeuza mtoto kutoka mgongoni hadi mapajani. "Mtoto siruhusiwi kwenda naye. Mume wangu yuko safarini. Mama mkwe amekataa, anasema mke wa mtu akishazaa amehitimu. Hooyo aliyenizaa hayupo. Sina mtu."

Nilitaka kulisema hapo. Nilikuwa nimelibeba muda mrefu. "Aabo, siku ile ya kikao, mimi..."

"Anakunywa maziwa ya ngamia," alisema. "Ya mbuzi yanamharisha. Yachemshe, usisikilize watu wanaosema mabichi ndiyo dawa. Usimpe chai. Najua utampa chai, nyote wazee mnawapa chai. Usimpe."

"Sitampa."

"Akilia usiku mbebe utembee naye, usimkemee."

"Binti yangu, nilijua ulistahili. Nilijua na nikanyamaza."

Alifunga kitambaa cha mtoto, akakifungua, akakifunga tena.

"Najua ulijua, Aabo. Hilo ndilo lililoniuma. Ungekuwa mjinga ningekusamehe siku ile ile." Kisha akauliza, "Utakuja Kutulo au nimlete hapa?"

Nikaenda Kutulo. Nilikuwa nimestaafu, sikuwa na cha kunizuia. Mzee wa Kisomali aliyebeba mtoto mchanga begani mchana kutwa, bila mwanamke ndani ya nyumba: watu walitoka madukani kuangalia. Hotelini sikuwa na amani. Askari mmoja kutoka Kenya, aliyezoea kukaa pale na redio yake, akaniita kwa Kiswahili.

"Mzee, leo wewe ndiye mama?"

Kabla sijajibu, mwenye hoteli akadakia kwa Kiswahili chetu: "Huyu mzee iko soma, afande. Iko shuo kikuu. Nasomea kulea!"

"Digrii?"

"Digrii! Mtihani yake kubadilisha nepi." Hoteli nzima ikaanguka kwa kicheko, mimi pia, na mtoto, kwa kuona wote wanacheka, akacheka, akanimwagia maziwa ya asubuhi kwenye macawis yangu, nguo ya kiunoni niliyokuwa nimeifua jana yake.

Nilichoka. Sitasema uongo kwamba ilikuwa raha. Sikujua kwamba mtoto mmoja mdogo anaweza kuumaliza mwili wa mtu namna ile, na kwamba wanawake wa nyumbani kwangu walikuwa wamefanya hivyo miaka yote wakati mimi nikiandika vibali. Mgongo uliniuma. Nilijifunza kulala nimekaa. Mtoto alipopata homa nilitembea naye nyumba nzima nikimsomea aya nilizozijua, na zilipokwisha nikamsomea majina ya chanjo za ng'ombe.

Likizo ilipokwisha lori kutoka Garissa lilifika mchana. Binti yangu alishuka amekonda, midomo imekauka, mfuko wa vitabu ukiwa mzito kuliko wa nguo. Alifika mlangoni akanyoosha mikono.

Mtoto alimtazama. Kisha akageuza uso, akaushika ukosi wa shati langu, akalia kwa nguvu kama aliyeona mtu wa kumchoma sindano.

"Ni hooyo, huyu ni hooyo," nilimwambia, nikijaribu kumbandua. "Tazama, ni mama yako." Aliendelea kulia, ameng'ang'ania. Nilimwonea aibu binti yangu, nikajiona nimemwibia kitu kingine tena.

"Mwache," alisema.

"Atakuzoea sasa hivi, amesahau tu..."

"Mwache, Aabo. Atakuja." Aliteremsha mikono, akaketi kizingitini bila kuvua viatu. "Likizo ijayo itakuwa hivi hivi. Na ile nyingine. Nimewauliza wenzangu wenye watoto, wote wanasema ni hivi hivi." Alijifuta uso na ncha ya mtandio, vumbi likabaki mistari. Kisha akauvuta mfuko wa vitabu, akatoa kimoja na kukifungua juu ya magoti. Mimi nilibaki nimesimama ndani ya nyumba yake na mtoto wake mikononi, nikimpiga mgongo taratibu anyamaze, mama yake apate kusoma.